Cheo ni Amana ya Nani?
Habari za Kinole na masultani wa Uluguru

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Kila yanapokaribia masiku ya uchaguzi, na kila anapotawazwa mkubwa mpya au akaondoshwa wa zamani, watu huulizana barazani suala moja kwa sura mbalimbali. Fulani amepewa cheo. Je, ni mtu wa nani? Ni wa serikali iliyomweka, au ni wa watu aliowekewa? Na zikigongana amri za wakubwa wake na haja za watu wake, amwitikie nani? Suala hili si la wanasiasa peke yao. Imamu aliyewekwa na kamati ya msikiti, mwalimu wa chuo anayelipwa na wazee wa watoto, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na kadhi, hata baba ndani ya nyumba yake, wote huwakabili.

Leo twataka kulitazama kwa mfano wa kweli, si kwa maneno ya hewani. Na mfano wetu tumeuchukua mahali ambapo pengine wasomaji wetu wengi wa pwani hawajapafikiria sana, napo ni Kinole, katika milima ya Uluguru.

Jirani tusiyemjua

Ewe msomaji uliye Dar es Salaam, maji unayotawadhia asili yake ni milima hiyo, kwani mto Ruvu, ambao mji wako waunywa, huteremkiwa na vijito vya Uluguru. Kinole ipo upande wa mashariki wa milima, juu ya Mkuyuni, katika wilaya ya Morogoro, upande wa njia iendayo Matombo. Ni nchi ya migomba, michungwa na mananasi, na viungo vya chakula kama mdalasini na pilipili manga. Upande huo ndio unaoitazama pwani, na kwa njia hizo hizo za biashara na safari ndiko Uislamu ulikopandia milimani. Basi tunapowataja watu wa Kinole twataja jirani na ndugu.

Waluguru hufuata ukoo kwa mama. Zamani ardhi ilikuwa ya ukoo, na mkubwa wa ukoo ndiye aliyeigawa na kuamua magomvi yake. Hawakuwa na mfalme mmoja wa milima mizima. Hata hivyo palikuwapo Kinole mkubwa mwenye jina la cheo la kurithiwa, jina la Kingalu, na lililomfanya ajulikane hata nje ya ukoo wake lilikuwa ni mvua. Ukame ukiingia, watu walimwendea.

Sasa hapa Muislamu hana la kutatizika. Mvua haina mwenyewe ila Mwenyezi Mungu, na sisi tumefundishwa sala ya kuomba mvua, tutoke uwanjani tukiwa wanyenyekevu, tutubie, tuombe. Sayyidna Umar (r.a.) alimtanguliza Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), aombe mvua pamoja na watu, wala hakuna aliyedhani kuwa Abbas ndiye mwenye mawingu. Hilo halina mjadala.

Lakini lipo jambo moja katika ada ile ambalo mwenye akili halitupi. Watu wale waliona kuwa nchi ikikauka, mwenye kiti huulizwa. Hakuweza kusema: hayo si ya idara yangu. Itikadi ya kuwa mtu ana mvua ni batili. Lakini hisia iliyo chini yake, ya kuwa mkubwa huulizwa njaa ya watu wake, hiyo si batili hata kidogo. Ulipoingia mwaka wa 18 wa Hijra ule ukame uitwao mwaka wa majivu, Sayyidna Umar alijizuia samli na maziwa mpaka watu wa kawaida wapate, na rangi ya mwili wake ikabadilika kwa njaa. Hakuwa yeye aliyeizuia mvua. Alijua tu kwamba ataulizwa.

Cheo kile kile, bwana mwingine

Alipokuja Gavana Donald Cameron Tanganyika mwaka 1925, Waingereza waliamua kuitawala nchi kwa mikono ya wenyeji wenyewe, na mwaka 1926 wakatunga sheria ya mamlaka za wenyeji. Tangu hapo kila mahali walitafuta masultani, na pale ambapo hapakuwa na sultani aliyeenea walimkuza aliyekuwapo. Uluguru walimkuta Kingalu wa Kinole kwa upande wa mashariki, na Kingo wa Morogoro mjini, wa kizazi cha Kisabengo, aliyejenga ngome yake hapo katika karne ya 19. Hao ndio waliotukuzwa, na baadaye milima yote ikawekwa chini ya sultani mmoja.

Hebu natufikiri ni kitu gani kilichobadilika. Kwa macho ya nje, hakuna: jina ni lile, heshima ni ile, watu wanapiga goti vile vile. Lakini ndani kiti kimegeuka. Jana mkubwa alikaa kwa sababu ukoo wake umemkubali, na ukoo huo huo uliweza kumkataa. Leo ana mshahara, ana karani, ana baraza la kuhukumu, ana daftari ya kodi. Na awezaye kumwondoa ni Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Jana aliogopa macho ya wazee wake, na leo aliogopa kalamu ya ofisini. Wala hatusemi kuwa kila aliyekalia kiti hicho alikuwa mbaya. Twasema kuwa hata mtu mwema akikalia kiti cha namna hiyo huwa kama punda mwenye mabwana wawili, kila mmoja ashika kamba yake. Siku za kawaida kamba zote mbili huwa zimelegea, na punda huonekana yu huru. Siku ya dhiki ndipo zinapokazwa.

Matuta ya mwaka 1955

Siku hiyo ya dhiki ilifika Uluguru katika miaka ya 1950. Serikali ya Kiingereza iliona kuwa udongo wa milima unachukuliwa na maji. Miteremko ni mikali, watu wameongezeka, mashamba yanachomwa moto kabla ya kulimwa, na mito ya chini inajaa tope. Ukatungwa mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na moyo wa mpango huo ulikuwa kuwalazimisha watu kukata matuta ya ngazi katika miteremko, pamoja na kukataza kuchoma mashamba. Asiyefanya alishitakiwa katika baraza la sultani na kutozwa faini.

Natuwe waadilifu. Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Udongo ulikuwa ukienda, na ardhi ni neema ya Mungu ambayo mja hana ruhusa ya kuiharibu. Lakini kazi ya kukata ngazi katika mlima kwa jembe la mkono ni nzito mno, na mwenye kuifanya alitolewa katika kazi ya chakula chake. Tena mahali pengi udongo wa chini, usio na rutuba, uliletwa juu, na ule mzuri ukafukiwa. Mtu akalima zaidi akavuna kidogo. Na juu ya hayo watu waliingiwa na khofu kuwa ardhi inayopimwa na kukatwa na serikali kesho itakuwa ya serikali, na koo zitapoteza haki zao. Mambo haya wakulima waliyajua kwa mikono yao. Aliyekuwa na wajibu wa kuyapeleka juu yasikike alikuwa sultani.

Sultani wakati huo alikuwa Sabu. Yeye alikuwa katikati: amri yatoka juu, na kilio chatoka chini. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, mkutano ukageuka ghasia, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na roho ya mtu ikapotea. Haukupita muda mrefu mpango wa matuta ukaachwa. Ardhi ambayo serikali ilitaka kuiokoa kwa nguvu haikuokoka, na kiti cha sultani kikabaki hakina haiba. Kila aliyekuwa na kitu katika jambo lile alikipoteza.

Mfano wa msimamizi wa yatima

Basi turejee kwenye suala letu. Sultani yule alikuwa amini wa nani?

Kuna mfano katika sharia zetu ambao wafaa kutuongoza. Kadhi humteua mtu awe msimamizi wa mali ya yatima. Kadhi ndiye aliyemweka, na kadhi ndiye awezaye kumuuzulu. Lakini mali si ya kadhi, ni ya yatima. Na siku ya hesabu msimamizi hataulizwa kama alimridhisha kadhi, ataulizwa mali ya yatima imekwenda wapi. Lau kadhi mwenyewe atamwamuru aiuze nyumba ya yatima kwa hasara, wajibu wake ni kukataa na kueleza sababu, na akishindwa ni kujiuzulu, wala si kusema: mimi nimeamrishwa. Sayyidna Umar alijifananisha na msimamizi wa yatima katika mali ya Waislamu, kuwa akijitosheleza ajizuie, na akihitaji ale kwa wema.

Kwa mfano huu jibu liko wazi. Anayeweka hampi mwekwaji mali yake mwenyewe. Anampa dhamana ya mali ya watu. Kumteua mtu ni kumkabidhi tu. Kwa hiyo aliyeteuliwa ana deni mara mbili: kwa aliyemteua ana deni la ukweli na utiifu katika lililo jema, na kwa watu ana deni la amana yenyewe. Yakigongana, amana ndiyo inayotangulia.

Pengine mtu atatujibu akisema: Je, huyo yatima akitaka kuiteketeza mali yake? Serikali ile ilidai kuwa Waluguru wanaiua ardhi yao wenyewe. Msimamizi si ana haki ya kumzuia yatima asiiharibu mali yake? Hoja hii ina nguvu, na hatuwezi kuipita kwa haraka. Kweli, mwenye dhamana hafuati kila matamanio ya watu. Lau watu wote wa kijiji wangetaka kukata msitu wa chemchemi, kiongozi mwema angewazuia, japo wamchukie.

Lakini hapo ndipo mfano wetu unapokomea, na kosa la watawala wengi ni kuuvuta kupita hapo. Yatima huzuiwa kwa kuwa ni mtoto, hajabaleghe wala hajapambanua. Wakulima wa Uluguru hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye akili zao, na katika jambo la udongo wa mlima ule walikuwa na elimu ambayo bwana kilimo hakuwa nayo. Na mtu mzima, hata akikosea, haki yake ni kushauriwa. Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake ashauriane na masahaba baada ya vita vya Uhud, ambamo rai ya wengi ya kutoka nje ya mji ilifuatiwa na msiba. Yaani hata baada ya rai ya watu kuleta hasara, ushauri haukuondolewa, ulitiliwa mkazo. Anayewashauri watu huenda akachelewa kufika, lakini hufika nao. Anayewasukuma akigeuka nyuma hujikuta yu peke yake, kama ilivyokuwa Matombo.

Mtu mmoja, milango mitatu

Baada ya Sabu kiti cha Waluguru kilimfikia mtu wa namna nyingine, Patrick Kunambi. Alikuwa kijana wa zama mpya, na jina lake limo miongoni mwa majina 17 ya waliokuwapo Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipozaliwa, pamoja na Julius Nyerere, Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, John Rupia na wenzao. Baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1950 akawa sultani wa Waluguru. Kisha mwaka 1958 ukafanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, ule wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika Jimbo la Mashariki, ambamo Morogoro imo, Nyerere alisimama kwa TANU, na Kunambi akasimama dhidi yake akiwa mgombea wa binafsi. Nyerere alipata kura zipatazo 2,600, na Kunambi kiasi cha 800.

Kunambi alikuwa Mkristo, na gazeti hili ni la Waislamu; lakini uadilifu una mizani moja, nasi hatukumtaja kwa dini yake. Tumemtaja kwa kuwa katika miaka michache alipita milango yote mitatu ambayo mtu huingilia madarakani: wa chama, kwa hiari na itikadi yake, wa kiti cha kabila, na wa kura. Miwili ilimfungukia, wa tatu ukamfungia. Ni kwa sababu gani watu walimnyima, hatujui yaliyokuwa nyoyoni mwao, na wapiga kura wenyewe walikuwa wachache, kwani sheria ile ilitaka kipato au elimu au kazi maalumu. Wala hatuna ruhusa ya kuupasua moyo wake yeye tukasema alisimama kwa uchu.

Bali twauliza suala linalotuhusu sisi: yafaa mtu kuomba cheo? Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura asiuombe uongozi, akambainishia kuwa anayepewa kwa kuuomba huachiwa mzigo wake peke yake. Na alimnasihi Abu Dharr, pamoja na uchamungu wake wote, kuwa cheo ni amana na Siku ya Kiyama ni majuto ila kwa aliyekichukua kwa haki yake. Kwa upande wa pili, Nabii Yusuf (a.s.) alimuomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi. Wanavyuoni wamezilinganisha habari hizi, na hapana mgongano. Yusuf aliiona njaa inakuja, akajua kuwa ana elimu ya kuhifadhi, na hakuwapo mwingine wa kulifanya jambo lile. Aliiomba kazi. Wengi wetu huomba kiti.

Namna ya kupambanua ni nyepesi kuisema na ngumu kuifanya. Anayetaka kugombea ajiulize faraghani: lau mwenzangu atapewa nafasi hii akaifanya vizuri kama mimi au kunizidi, nitafurahi au nitanuna? Akiona atafurahi, aende. Akiona atanuna, basi ajue anachokitaka si manufaa ya watu.

Kiti kiliondoka, jina likabaki

Mwaka 1963, baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika iliondoa kwa sheria madaraka ya machifu na masultani wote. Mshahara ukakatika, baraza la hukumu likafungwa, daftari ya kodi ikaenda kwingine. Wengi walidhani hapo ndipo mwisho. Lakini jina la Kingalu halikufa Kinole, na leo soko kuu la mji wa Morogoro linaitwa kwa jina la Chifu Kingalu. Wanawake wanaoteremsha ndizi na viungo kutoka milimani wanauza chini ya jina la mtu asiyeweza tena kumtoza mtu senti moja.

Hapa pana funzo. Sheria yaweza kumpa mtu nguvu, na yaweza kumnyang'anya. Heshima haitolewi kwa sheria wala haifutwi kwa sheria. Hukusanywa polepole na watu, kama maji ya kisima. Wale waliokuwa na nguvu za ofisi walikwenda na ofisi zao, na kilichobaki ni kile ambacho watu walikuwa nacho kabla ya ofisi kuja. Kila mwenye cheo leo naajiulize: wakinivua koti hili kesho asubuhi, nani atanisalimu mchana?

Mambo matatu ya kushika

Kwanza, mwenye cheo aihesabu nafsi yake kuwa ni amini wa watu, hata kama aliyemweka ni mkubwa wa juu. Ayapeleke juu maneno yao kama yalivyo, si kama wakubwa wanavyopenda kuyasikia. Mjumbe anayeficha kilio cha watu wake amewakhini wote wawili, aliyetumwa kwake na aliyemtuma. Kwani hata serikali ile ya 1955, lau ingeambiwa ukweli mapema, pengine isingefika kwenye risasi.

Pili, sisi tunaowekewa viongozi nasi tuna sehemu yetu ya amana. Kura ni ushahidi. Anayempa mtu kura naye anajua hafai, ametoa ushahidi wa uwongo. Vipi basi anayeiuza kwa kilo ya sukari, kanga na fulana? Tanzania palikuwapo sheria iliyoruhusu takrima kwa wapiga kura, mpaka Mahkama Kuu ilipoitangua mwaka 2006. Lakini Waislamu hawakuhitaji kungojea mahkama. Mtume (s.a.w.) alikasirika kwa mkusanyaji zaka aliyerudi akidai kuwa sehemu ya mali amepewa yeye zawadi, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake zawadi hizo zingemfikia. Kipimo hicho chatosha. Huyo aliyekuletea sukari mwezi wa kampeni, mwaka jana ulipokuwa mgonjwa alikuletea nini?

Tatu, tuanze nyumbani. Baba asiyemshauri mke wake wala wanawe waliobaleghe, kila siku yeye ni amri tu, asishangae kuona nchi imejaa watawala wa namna hiyo; ametoa mfano wa kwanza walioujua. Na mweka hazina wa msikiti asiyesoma hesabu mbele ya jamaa hana haki ya kumsema waziri. Amana ndogo ndiyo chuo cha amana kubwa.

Wazee wetu wamesema cheo ni dhamana. Twalisema neno hili kila siku mpaka limekuwa kama salamu, hatusikii tena uzito wake. Dhamana ina mwenyewe, na mwenyewe siku moja huja kuidai. Wakulima wa Uluguru waliidai mwaka 1955, wapiga kura wakaidai mwaka 1958, sheria ikaidai mwaka 1963. Na hayo ni madai ya duniani tu, ambayo mtu huweza kuyakimbia au akafa kabla hayajamfikia. Yapo madai yasiyokimbilika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaongoze waliopewa mambo yetu wayasimamie kwa haki, awape masikio ya kuusikia ukweli na nyoyo za kuustahamili, na sisi atujaalie tuwe wenye kushuhudia kwa uadilifu, hata juu ya nafsi zetu. Amin.